Kubadilisha Kifyatulio cha Bunduki ya Bolti: Mwongozo Kamili kwa Mmiliki wa Mombasa

Mmiliki wa bunduki ya bolti, yaani ile inayojazwa kwa kuvuta na kusukuma chuma cha bolti kwa mkono, aliye na cheti halali hapa Mombasa, awe mlenga shabaha au mwenye ranchi upande wa Taita Taveta, hufika wakati akachoshwa na kifyatulio kilichotoka kiwandani. Kinakuwa kizito, kinakwaruza kabla ya kuachia, na mlengaji anahisi mtutu ukihama shabaha ilhali kidole bado kinavuta. Vifyatulio vinavyotengenezwa na makampuni mengine kwa ajili ya bunduki hizo vipo kwa wingi duniani, na vingi ni bora kuliko vya asili. Hata hivyo wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza kinavutwa kwa uzito gani, wakati jambo la kuuliza mwanzo ni kama kitaizuia pini ya kupigia kila mara bolti inapofungwa, kama kitapatana na sefti (kizuizi cha bunduki isilie) na ubao (mwili wa mbao unaoshika chuma) wa bunduki ileile waliyo nayo, na kama kitaendelea kufanya hivyo baada ya kukaa miezi katika hewa ya chumvi ya Pwani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Unahusu bunduki za bolti peke yake, kwa sababu zile zinazojijaza zenyewe zina hatari zake na sheria zake.

Kabla ya kuagiza chochote

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haihesabu bunduki nzima tu kuwa silaha, bali inahesabu pia sehemu zinazoiunda. Kwa hiyo kifyatulio si sawa na mkanda wa bunduki au mfuniko wa darubini, ambavyo mtu anaweza kuviagiza mtandaoni akasubiri kifurushi nyumbani kwake Tudor au Nyali. Kikishuka Kilindini au katika uwanja wa ndege wa Moi bila kibali, mwenye jina kwenye kifurushi ndiye atakayetakiwa kujieleza. Njia iliyo salama ni kwenda kwa muuza silaha aliyesajiliwa ukiwa na cheti chako, kumweleza unachotaka, na kumwacha aagize kwa vibali vyake, kisha fundi wake afanye kazi ya kukifunga. Ukiwa na shaka juu ya jambo lolote, uliza Bodi ya Leseni za Silaha kwa maandishi na uhifadhi jibu.

Njia hii inachukua muda na gharama yake ni kubwa zaidi, lakini ina faida ambayo haipatikani mtandaoni: muuzaji na fundi wake wameona bunduki nyingi zilizorudi na matatizo. Niliwahi kumsikia kijana akimuuliza muuzaji mmoja, "Mzee, hiki kitaingia kwenye bunduki yangu?" Akajibiwa, "Kuingia kitaingia, mwanangu. Kufanya kazi ni jambo jingine, ilete kwanza niione." Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maelezo ya jibu hilo. Kazi yako wewe mmiliki ni kuchagua, kuuliza, kukagua na kujaribu. Kupiga tupa au msasa chuma cha ndani si kazi yako, na fundi mwaminifu naye hataki kuifanya, maana uso mgumu wa chuma hicho ni mwembamba, na ukishaondolewa, kilichobaki chini yake huchakaa haraka.

Kinachotokea ndani

Bolti inaposukumwa mbele na kufungwa, mkia wa pini ya kupigia hunaswa na kipande kidogo cha chuma ambacho hapa nitakiita kishikizi. Springi ya pini inasukuma kwa nguvu nyingi, na kishikizi kinaibeba nguvu hiyo yote kikiwa kimeegemea ukingo wa kifyatulio. Katika vifyatulio vingi vya kisasa vilivyofungwa ndani ya kisanduku, ukingo huo unaoegemewa ni wa takriban nusu milimita, wakati mwingine chini ya hapo. Kidole kinapovuta, kifyatulio kinaondoka chini ya kishikizi, kishikizi kinadidimia, na pini inaruka. Baada ya hapo springi ndogo lazima irudishe kila kitu mahali pake kabla mkono haujafunga bolti tena.

Nusu milimita ni nafasi ndogo sana ya kukosea. Chembe ya mchanga, tone la mafuta lililoganda au skrubu iliyolegea kidogo inatosha kukifanya kifyatulio kisirudi kikamilifu, na hapo bunduki inaweza kulia bolti inapofungwa au sefti inapoachiliwa bila kidole kuwa mahali popote karibu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Remington 700, bunduki iliyoingia sokoni mwaka 1962 ikiwa na kifyatulio cha mhandisi Mike Walker. Ndani yake kulikuwa na kipande chembamba kilichokaa mbele ya kifyatulio bila kuunganishwa nacho, ambacho hutengana nacho kwa kitambo kidogo kila risasi inapopigwa. Kipande hicho kiliifanya bunduki iachie kwa ulaini uliosifiwa sana, lakini pia kilifungua mwanya ambao uchafu ungeweza kukaa, na malalamiko pamoja na kesi vikafuata kwa miaka mingi. Kampuni ikaleta muundo mpya, X-Mark Pro, usio na kipande hicho, na mwezi Aprili 2014 ikalazimika kuwaita wamiliki wa bunduki zilizotengenezwa kati ya Mei 1, 2006 na Aprili 9, 2014 wazirudishe, kwa sababu gundi iliyotumika kuunganisha baadhi ya vifyatulio ilizidi na kuingia mahali pasipotakiwa. Mtu mwenye bunduki ya miaka hiyo ahakikishe kwanza kama ilirekebishwa, kabla hata ya kufikiria kifyatulio kingine.

Natoa mfano huu ili msomaji asidhani kwamba cha kiwandani ni salama kwa kuwa ni cha kiwandani, wala kwamba kipya ni salama kwa kuwa ni cha bei ghali. Kila kimoja kinathibitishwa ndani ya bunduki kitakamotumika.

Hatua ya kwanza: ijue bunduki yako kwa undani

Jina la kampuni halitoshi. Andika kwenye karatasi aina kamili ya bunduki, mwaka au kipindi cha kutengenezwa, kama ni ya mkono wa kulia au wa kushoto, sefti iko wapi na inazuia nini, na kitu kinachozuia bolti isichomoke nyuma kinaendeshwa kutoka wapi. Mambo mawili ya mwisho ndiyo yanayowaangusha wanunuzi wengi.

Chukua Remington 700 yenyewe. Kitufe cha kuachilia bolti kiko mbele ya kifyatulio, ndani ya kikingio (pete ya chuma inayozunguka kifyatulio), na kinafanya kazi kwa kushirikiana na kisanduku cha kifyatulio. Ndiyo maana vifyatulio vya bunduki hiyo huuzwa kwa namna mbili, vyenye nafasi ya kitufe hicho na visivyo nayo. Ukinunua visivyo nayo, bolti yako haitatoka kwa njia ya kawaida. Kinyume chake, Bergara B-14 inapokea vifyatulio vya Remington 700, lakini kitufe chake cha bolti kiko ubavuni, hivyo haihitaji kifyatulio chenye nafasi hiyo. Zaidi ya hayo, Remington 700 za kabla ya mwaka 1982 zilikuwa na sefti inayofunga bolti, kiasi kwamba mwenye bunduki alilazimika kuondoa sefti ili atoe risasi iliyo ndani. Kwa bunduki ya umri huo, kifyatulio kipya kinachoruhusu bolti kufunguliwa sefti ikiwa imewekwa ni hatua kubwa ya usalama, hata kama uzito wa kuvuta haukubadilika kabisa.

Howa 1500 na Weatherby Vanguard ni ndugu wa tumbo moja na hutumia vifyatulio vya aina moja, lakini si vya Remington, ingawa kwa macho vinafanana. Kwa upande wa bunduki ndogo za .22, CZ 455 na CZ 457 zina majina yanayokaribiana na mitambo tofauti: katika 455 sefti huvutwa nyuma ili bunduki iwe tayari kupiga, na katika 457 husukumwa mbele. Mtu aliyezoea moja akashika nyingine anaweza kuamini ameweka sefti wakati ameiondoa. Uliza kifyatulio kipya kinakuja na sefti inayoelekea upande gani, na kama upande huo ni kinyume cha bunduki nyingine zilizomo nyumbani mwako, mimi ningechagua kingine.

Ukoo wa Mauser 98 unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndio uliozaa bunduki nyingi za zamani zinazopatikana Afrika Mashariki. Sefti yake ya asili iko nyuma ya bolti, na haizuii kifyatulio bali inaishika pini ya kupigia yenyewe. Inapozungushwa, huivuta pini nyuma kidogo ili iondoke juu ya kishikizi na ibaki imening'inia kwenye sefti. Utaratibu huo ni imara sana, lakini unategemea urefu sahihi wa kishikizi. Kifyatulio kipya kikiishikilia pini mbele zaidi ya inavyotakiwa, sefti haitazunguka kabisa, na hilo angalau utaligundua siku hiyohiyo. Kikiishikilia nyuma mno, sefti itazunguka vizuri na kila kitu kitaonekana sawa, lakini pini haitakuwa imenyanyuliwa juu ya kishikizi. Mtu akivuta kifyatulio katika hali hiyo, kishikizi kinaweza kushuka kisirudi, na siku sefti itakapoondolewa bunduki italia. Vifyatulio vingi vya Mauser huuzwa pia vikiwa na sefti yao ya ubavuni, ambayo mara nyingi inazuia kifyatulio pekee. Ninapendekeza kwa nguvu zote kwamba sefti ya asili inayoishika pini ibakizwe, na ile ya ubavuni ichukuliwe tu pale ambapo darubini imefungwa chini kiasi kwamba sefti ya asili haina nafasi ya kuzunguka.

Pia usikubali neno "Mauser" peke yake kwenye pakiti. Mauser za Sweden za mwaka 1896 zinajikoki (yaani springi ya pini inakazwa tayari kupiga) bolti inapofungwa, wakati Mauser 98 inajikoki inapofunguliwa, na vifyatulio vyao si vya kubadilishana. Bunduki za kiwandani zilizotengenezwa baadaye kwa mfano wa 98 nazo zina tofauti ndogo ndogo za mashimo ya pini.

Hatua ya pili: chagua uzito kwa kazi, si kwa sifa

Watengenezaji wa Marekani huandika uzito kwa pauni, na pauni moja ni takriban gramu 454. Kifyatulio cha pauni 3 ni kilo 1.36, cha pauni 3.5 ni karibu kilo 1.6, na cha pauni 4 ni kilo 1.8. Kwa mlenga shabaha, kanuni za mashindano ndizo zinazoamua: Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha linataka kifyatulio cha bunduki ya kawaida ya mita 300 kisipungue gramu 1500, na mtu aliyefunga cha gramu 700 atakuwa amelipa pesa nyingi kwa kitu kisichoruhusiwa mstarini. Soma kanuni za shindano lako kabla ya kulipa.

Kwa bunduki inayobebwa porini, iwe kwenye ranchi au na mtu anayevuka mpaka wa Lunga Lunga kwenda Tanzania kwa kibali cha uwindaji, maana hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, sioni sababu ya kushuka chini ya kilo 1.3. Mikono yenye jasho, mwili uliochoka na moyo unaodunda hufanya kidole kipoteze hisia, na kifyatulio kilichoonekana kizuri mezani kinaachia kabla mtu hajaamua. Mpigaji anayelalamika kwamba cha kilo 1.6 ni kizito mara nyingi anasumbuliwa na mkwaruzo, na kifyatulio kisafi cha uzito uleule kitamridhisha.

Vifyatulio vinavyorekebishika huwa na kipimo cha chini na cha juu. Chagua kile ambacho uzito unaoutaka unaangukia katikati. Springi iliyolegezwa hadi mwisho wake haina akiba ya nguvu ya kurudisha kifyatulio kukiwa na vumbi, na hapo ndipo kutegemeka kunapopotea. Kuhusu hatua moja au mbili za kuvuta (katika mbili, kidole hupita kwanza mvuto mwepesi kabla ya kufika penye uzito), ni suala la mazoea, ingawa mimi napendelea hatua mbili kwa bunduki ya porini, kwa kuwa kidole kinapewa taarifa kabla ya kuachia.

Hatua ya tatu: kikague kabla ya kulipa

Kiombe kitolewe kwenye pakiti. Angalia kwa kioo cha kukuzia ukingo unapokutana na kishikizi: unapaswa kuwa umenyooka, bila mapengo wala makovu ya tupa. Skrubu za marekebisho zinatakiwa ziwe na alama ya gundi au rangi ya kiwandani, na ikiwa imevunjika, mtu mwingine ameshazigusa. Maelezo ya kufunga lazima yawemo na yataje bunduki yako kwa jina kamili. Kampuni za muda mrefu kama Timney, iliyoanza mwaka 1946, huorodhesha aina za bunduki kwa uwazi, na pakiti inayosema inaingia kwenye "bunduki zote" irudishwe rafuni.

Muulize pia muuzaji ndani kuna chuma gani. Kisanduku cha aluminiamu hakishiki kutu kama chuma, na wanunuzi wa Pwani hukipenda kwa sababu hiyo, lakini pini, springi na kishikizi vilivyomo bado ni vya chuma, na metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, mojawapo huliwa. Cha muhimu ni kama sehemu za ndani ni za chuma kisichoshika kutu au zimepakwa kinga. Kampuni ya TriggerTech ya Kanada huweka roli ndogo kati ya kifyatulio na kishikizi ili kuondoa msuguano, na muundo huo unawezesha ukingo unaoegemewa kuwa mkubwa zaidi bila kuongeza mkwaruzo, jambo ninalolithamini kuliko wepesi.

Vifyatulio vya mashindano matupu, vile vinavyoachia kwa gramu chache, ni vizuri kwa kazi yake, lakini nafasi zake za ndani ni finyu na havivumilii vumbi. Kwa upande wa pili uko muundo wa wazi wa Winchester Model 70 za zamani, ulioanza mwaka 1936, ambao hauna kisanduku, hivyo uchafu unaanguka chini badala ya kukaa ndani. Mwenye bunduki hiyo katika hali nzuri afikirie mara mbili kabla ya kuiondolea kitu kilicho rahisi hivyo.

Hatua ya nne: kufunga, na ubao usiosahaulika

Fundi ataanza kwa kuhakikisha chemba na magazini ni tupu, na wewe uhakikishe kwa macho yako mwenyewe. Pini za zamani zikitoka kwa nguvu isiyo ya kawaida, au mpya zikiingia kwa kulegea, kazi isimame hapo. Pini iliyolegea huhama siku za mbele, na kifyatulio huhama nayo.

Baada ya chuma kukubaliana na chuma, linabaki suala la ubao, na hili kwa Mombasa lina uzito wake. Waingereza walijifunza jambo hili kwa bunduki ya Lee-Enfield ya .303, ambayo wazee wetu waliotumikia jeshini waliijua sana. Katika matoleo ya awali kifyatulio kilining'inizwa kwenye kikingio cha chini, na kikingio kikashikiliwa na ubao, kwa hiyo ubao ulipovimba au kunywea kwa hali ya hewa, uhusiano kati ya kifyatulio na kishikizi ulibadilika na uzito wa kuvuta ukabadilika nao. Katika toleo la baadaye, No. 4 Mk 2 ya mwaka 1949, kifyatulio kilihamishwa kikafungwa kwenye mwili wa chuma wa bunduki, na ubao ukakoma kuingilia. Bunduki za leo zina kifyatulio kilichofungwa kwenye chuma, lakini ubao bado unaweza kukigusa kutoka pembeni, hasa kwa kuwa kisanduku kipya mara nyingi ni kipana kuliko cha zamani.

Namna ya kupima ni ya kizamani na haijapitwa. Kisanduku kipya kinapitishwa juu ya moshi wa koroboi mpaka kishike masizi mepesi, bunduki inafungwa kwenye ubao na skrubu zake zinakazwa kama kawaida, kisha inafunguliwa tena kwa uangalifu. Popote ubao ulipogusa, doa jeusi litaonekana kwenye ukuta wa shimo, na fundi anapunguza mbao mahali hapo tu, kidogo kidogo, akirudia mpaka pasiwe na doa. Nafasi ya milimita moja kila upande inatosha kwa ubao mkavu, lakini kama bunduki imeletwa wakati wa kaskazi, ubao ukiwa umekauka, mwombe fundi aongeze kidogo, kwa sababu masika yatakapoingia utavimba. Angalia pia kwamba ulimi wa kifyatulio haugusi kingo za tundu la kikingio hata unaposukumwa ubavuni. Mbao zilizopunguzwa zipakwe mafuta ya kuzuia maji mara moja, la sivyo mahali palipokatwa patakunywa unyevu kuliko sehemu nyingine zote.

Kisha uzito wa kuvuta upimwe mara mbili, skrubu za ubao zikiwa zimelegezwa na zikiwa zimekazwa. Vipimo vikitofautiana, kuna kitu kinagusa bado.

Hatua ya tano: majaribio bila risasi

Sehemu hii isifanywe kwa haraka, na isiachwe kwa fundi peke yake. Tumia risasi bandia ili pini isipige hewa tupu, mtutu ukielekea mahali salama wakati wote, na risasi halisi ziwe chumba kingine.

Anza kwa kufunga bolti polepole na kuvuta, mara kadhaa, ukisikiliza. Halafu ifunge kwa nguvu na kwa kasi, kama mtu aliye na haraka, mara ishirini au zaidi. Pini isianguke hata mara moja. Ikianguka mara moja kati ya ishirini, kifyatulio hicho hakifai kama kilivyo, na hakuna hoja ya "labda nilikosea mkono" inayokubalika hapa.

Jaribio la sefti ndilo linalogundua makosa yaliyojificha. Koki bunduki, weka sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu kuliko kawaida, kisha ukiachie. Ondoa sefti bila kugusa kifyatulio. Pini isiruke. Sasa vuta kwa kawaida, na iruke. Rudia, lakini safari hii baada ya kukiachia kifyatulio subiri kidogo na uweke sikio karibu. Ukisikia mlio mdogo wa chuma wakati sefti inaondolewa, kishikizi kilishuka kidogo na sefti ndiyo iliyokuwa ikikishikilia. Rudia tena sefti ikiwa imesukumwa nusu ya njia, kwa sababu sefti inayoweza kukaa katikati ni hatari hata kama mwanzo na mwisho wake ni sahihi.

Baadaye koki bunduki na ukigonge kitako chake kwa nyundo ya mpira kutoka nyuma, kutoka pembeni na kutoka juu, sefti ikiwa imewekwa na kisha ikiwa imeondolewa. Viwanda vya Marekani vina kanuni inayotaka bunduki idondoshwe kutoka futi 4, yaani takriban mita 1.2, juu ya mpira, bila kulia. Usidondoshe bunduki yako kwa kuiga kanuni hiyo, kwani utaharibu darubini na ubao, na nyundo ya mpira inatosha kufichua ukingo ulio mdogo kupita kiasi.

Mwisho vuta kifyatulio polepole mpaka ukihisi kikitaka kuachia, kisha kiachie kirudi. Pima uzito wake kwa mizani ya springi. Kifyatulio kizuri kitarudi pale pale na kutoa uzito uleule, wakati kilicho kibaya kitabaki mahali kilipofikishwa na kuachia kwa mguso mdogo. Pima mara kumi mfululizo na uandike kila kipimo. Tofauti ya gramu mia moja kati ya kikubwa na kidogo inavumilika kwa bunduki ya porini. Vipimo vikiwa vinashuka mfululizo kutoka cha kwanza hadi cha kumi, kuna skrubu inayotembea.

Uwanjani, jaza risasi moja moja katika kipindi cha kwanza, bila kutumia magazini. Okota maganda na uangalie alama ya pini kwenye kitako chake. Ikiwa ni hafifu kuliko ilivyokuwa kwa kifyatulio cha zamani, kishikizi kipya kinaishikilia pini mbele zaidi, hivyo inaruka umbali mfupi na kupiga kwa nguvu kidogo. Bunduki hiyo itakuja kugoma siku moja kwa risasi zenye kitako kigumu, na marekebisho ni ya fundi.

Hatua ya sita: utunzaji katika hewa ya Pwani

Kosa linaloonekana zaidi hapa ni mafuta mengi. Mtu anaogopa kutu, na kwa haki, halafu anamimina mafuta ya cherehani au ya kupulizia ndani ya kisanduku mpaka yanatiririka. Mafuta hayo yanakamata vumbi jekundu la Voi na mchanga mwembamba wa ufukweni, na yakikaa yanageuka utando unaonata. Wapo wanaotumia mafuta ya nazi kwa sababu yapo jikoni na yanang'arisha chuma vizuri. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo hata Mombasa hutokea usiku wa miezi ya baridi, na ukipeleka bunduki hiyo Wundanyi au Nairobi, alfajiri utakuta kifyatulio kinarudi kwa uvivu au hakirudi kabisa.

Fuata maelezo ya mtengenezaji, ambayo kwa visanduku vingi husema visitiwe mafuta ndani. Kikichafuka, kioshwe kwa petroli safi ya vibiriti vya kujaza, nje, mbali na moto, kikiachwa kikauke kabisa. Kinga dhidi ya kutu inawekwa nje, kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Bunduki isihifadhiwe ndani ya mkoba wa ngozi au wa sponji, kwa maana vyote viwili vinashika unyevu wa chumvi. Ikae wazi ndani ya sefu, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa au kukaushwa kila mwezi, na mara nyingi zaidi masika.

Majaribio ya hatua ya tano, yote, yarudiwe mwanzoni mwa kusi na mwanzoni mwa kaskazi, na kila mara bunduki inaporudi kutoka safari ya vumbi. Vipimo vipya viandikwe chini ya vile vya mwanzo kwenye daftari lilelile, pamoja na tarehe na jina la fundi aliyeigusa. Uzito ukishuka kwa zaidi ya gramu mia mbili bila mtu kugusa skrubu, bunduki isitumike mpaka ifunguliwe.

Kifyatulio cha asili usikitupe wala usimpe mtu. Kipanguse, kitie kwenye mfuko wenye kifuko cha kunyonya unyevu, andika juu yake namba ya bunduki kilikotoka, na kikae ndani ya sefu pamoja na bunduki, kwa kuwa mbele ya Sura ya 114 nacho bado ni sehemu ya silaha. Ikitokea kipya kimeshindwa jaribio lolote, fundi atakuwa na kitu cha kurudishia mahali pake siku hiyohiyo.